Kioo cha Upande wa Maman

Kamembe, Jumapili jioni

Kwako yaya Mukamusoni, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe, shemeji Hakizimana na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuachia na Gaju ameanza kuizoea shule. Sisi huku tu wazima. Papa anakula, analala, na dawa zake anakunywa bila ugomvi. Mimi pia mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe huuliza haraka nami hujibu haraka, na majibu yangu ya haraka unayajua.

Unakumbuka kwamba tangu kiharusi kimpate, Papa hataki kutoka nje ya ua. Mkono wa kuume umelala, maneno yanamtoka kwa shida, naye anaona haya kuonekana hivyo kijijini Mibirizi, walikomzoea akipita na gari lake. Ndipo nikapata wazo la kuifufua ile Pejo 404 tuliyorudi nayo kutoka Bukavu, nimpeleke misa ndani ya gari lake mwenyewe. Fundi nilimkataa. Nilisema mimi ninayetengeneza simu za Kamembe nzima nitashindwaje na gari lililotengenezwa kabla sijazaliwa? Cheka tu, una haki.

Basi kila nilipofunga duka nilipanda Mibirizi na spana zangu. Papa alikaa kivulini akinitazama. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikahangaika na breki mpaka mgongo ukakakamaa. Lakini kilichonichosha zaidi ni viraka vya Papa. Bomba la maji alilifunga kwa mpira wa baiskeli, ekzosi ilining'inia kwa waya wa uzio, na dirisha lilifunguliwa kwa mpini wa kijiko. Niliona aibu kwa niaba yake, nikang'oa kila kitu. Kwenye mlango wa abiria, kati ya kioo na bati, palisongwa kitambaa kilichokuwa cheusi kwa mafuta na vumbi, ili kioo kisigonge. Nilipokivuta Papa aliinua mkono wa kushoto akaanza kuguna. Nilimwambia atulie, hizo ni takataka, nitamwekea mpira mpya. Nikakitupa motoni nyuma ya jikoni pamoja na matambara mengine, huku napiga mluzi.

Gari liliwaka, yaya. Majirani walitoka kushangaa, na mimi nilivimba kichwa kama niliyeliunda. Jumapili moja asubuhi nilimvika Papa koti lake, mimi na Védaste jirani tukamwinua tukamkalisha kiti cha abiria. Mama mdogo Nyirahabimana akapanda nyuma. Papa alikuwa anatabasamu, naapa. Kisha akapitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua hadi mlangoni, akapapasa chini ya kioo, akaenda mpaka mwisho, akarudi. Akaniuliza, "Kile cha mama yenu kiko wapi?"

Tangu augue hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja, na mimi sikuyaelewa. Mama mdogo ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini. Siku Papa alipompeleka Maman hospitali, yeye Mama mdogo alikuwa kwenye kiti kile kile cha nyuma. Kioo kilikuwa kinagonga njia nzima na kichwa cha Maman kilikuwa kinauma sana. Basi Maman akavua kitambaa chake cha kichwa, akakisonga pale kwa mkono wake, akasema sasa twende. Maman hakurudi na gari lile, alifia huko huko. Wewe ulikuwa Kigali, mimi nilikuwa dukani, hatukujua. Papa aliliosha gari miaka yote, ila pale hakugusa.

Aliomba ashushwe. Tukamshusha.

Yaya, kwenye simu nilikuambia kwamba tulifika kanisani na Papa akaimba. Ni uongo, hata lango hatukuvuka. Na baada ya hapo nilifanya baya zaidi. Nilitafuta sokoni kitambaa chenye maua kama aliyopenda Maman, nikakipaka oili, nikakikanyaga vumbini, nikakisonga pale mlangoni. Nikamleta Papa mpaka kwenye gari, nikamwambia kimeonekana, kumbe hakikuungua. Nilimdanganya baba yangu mgonjwa usoni. Alikivuta, akakinusa, akakilaza juu ya goti. Kisha akanirudishia, akanionyesha mikono yangu iliyojaa oili, nijifutie. Angenitukana ningepata nafuu. Nilijifuta.

Nimemwomba radhi tangu siku ile, naye hutazama milima tu. Gari liko uani, linawaka mara moja, kioo kimetulia kabisa, na hakuna anayelipanda. Ninajuta, yaya, na kujuta hakunisaidii kitu. Njoo Krismasi ukipata ruhusa. Najua unacho kitenge cha Maman tulichogawana baada ya matanga, lakini usikilete kwa ajili ya mlango. Njoo wewe tu, ukae naye.

Mama mdogo anakusalimu, na Védaste anamsalimu shemeji. Papa hajanipa salamu zozote za kukuletea, na safari hii sitaki kukutungia.

Ni mimi mdogo wako,
Protais