Hamisi, Karoti Hakuwa Ogata

Mpwa wangu Hamisi,

Sasa ni saa tatu asubuhi, na saa tano nitapigiwa simu kutoka Japani. Hapa katikati sina la kufanya ila kusubiri, na unajua nilivyo mbovu wa kusubiri nikiwa sina kalamu mkononi. Mama yako yuko jikoni kwangu, hajavua koti. Amepanda mabasi mawili kutoka kwake Thornton Heath ili anizuie. Hajasema kwamba amekuja kunizuia. Ameleta visheti.

Nakuandikia Kiswahili, ingawa tangu utotoni ulikuwa ukinisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, hadi watu ndani ya treni wakawa wanatugeukia kutazama ni wendawazimu gani hawa.

Tangu uondoke, mashine yako ya gemu iko mezani kwangu hapa Lewisham, pale palipokuwa na redio. Sikuiomba. Mama yako alisema hawezi kuitazama na hawezi kumpa mtu. Siku moja nikaiwasha, nione tu kama inafanya kazi, na hapo ndipo nilipoingia darasani kwako. Mimi niliyesomesha hesabu Tanga na baadaye huku, hadi nikastaafu, nimekuwa mwanafunzi wa mtoto wa dada yangu, tena dada yangu mdogo. Nacheza vibaya bado. Kila nikifika kwenye lile daraja linalovunjika nakusikia nyuma ya kiti: "Ruka, Mjomba! Ruka! Haya, ushakufa." Hilo moja ulilisema kwa Kiswahili kila mara. Ulilisema ukicheka.

Ngoja nivute pumzi.

Nilisoma kila ulichoandika kwenye tovuti yako. Jana nilijaribu kumweleza mama yako kazi hiyo ilikuwa nini hasa, maana siku zote alidhani unacheza tu. Nilimwambia hivi. Zamani kampuni za gemu huko Japani hazikutaka wafanyakazi wao wajulikane, zikiogopa washindani wasije kuwanyakua. Mtu akimaliza mchezo anaoneshwa majina ya utani, au haoneshwi jina lolote. Nyuma ya kila jina la utani kuna mtu aliyekaa ofisini akatoa jasho, na leo ni mzee, pengine hata wajukuu zake hawajui. Hamisi alikuwa anawatafuta watu hao ili wapewe kilicho chao.

Mama yako akaniuliza, "Na yeye kilimhusu nini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba ulianza ukiwa kitandani hospitalini, ugonjwa wa selimundu ulipokubana mifupa na hukuwa na pa kwenda ila kwenye skrini ile ndogo. Nilikuja kukutazama, ukanivalisha spika zako masikioni. Ukasema, nakigeuza Kiingereza chako, "Mjomba, wimbo huu umenivusha wiki nzima. Kuna mtu aliutunga. Kwenye mchezo wameandika Karoti tu. Karoti ndiye nani?"

Ulimtafuta Karoti kuliko ulivyotafuta mke.

Jibu lako nalijua kwa moyo. Ndani ya kaseti ya gemu muziki ni tarakimu tupu, na tarakimu hizo ziko sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni noti zenyewe. Sehemu ya pili ni programu ndogo inayozisoma noti na kuifanya mashine iimbe, na programu hiyo ina mwandiko wa mtu aliyeiandika, kama vile mimi nilivyoujua mwandiko wa kila mwanafunzi wangu kabla sijatazama jina. Ulikuta programu ileile, neno kwa neno, kwenye gemu mbili. Moja ina jina la Karoti. Ya pili, iliyotoka baadaye, ina jina kamili la Bwana Ogata. Ukahitimisha kwamba mwandiko mmoja ni mtu mmoja: Karoti ni Ogata. Ulimwandikia Ogata, hakujibu, ukasema huo ni unyenyekevu. Watu wakanakili ulichoandika, na sasa kila mahali palipo na wimbo ule pana jina la Ogata.

Hamisi, Karoti hakuwa Ogata.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kabla ya kuiandika. Nisamehe nimeiandika.

Niligundua nikitafuta namna ya kukusifu. Nilitaka kuongeza ushahidi wa tatu, ili mtu asipate pa kukubishia. Nikaikuta programu ileile kwenye gemu ya mpira, lakini muziki wake, Mungu wangu, ni ving'ora vitupu. Kisha nikasikia mtindo wa Karoti, ile tabia ya besi, sauti nzito ya chini, kunyamaza kidogo kabla wimbo haujarudi, kwenye gemu nyingine ambayo programu yake ni tofauti kabisa. Unaona? Aliyeandika programu ya kusoma noti si lazima awe ndiye aliyezitunga. Pale nje ya mahakama Tanga walikuwako wazee wenye mashine za taipu. Watu walikwenda kuandikiwa maombi ya talaka, ya mirathi, ya shamba, na herufi zote zilitoka na kasoro ileile kwa sababu mashine ni ileile. Ukisema mwenye mashine ndiye aliyeachwa na mkewe, utakuwa umemwonea.

Nikamwomba Kenji, rafiki yako wa Osaka, ampigie Ogata badala ya kumwandikia. Barua pepe yako ilikuwa imekwenda kwenye anwani aliyoiacha zamani. Mzee alipolisikia jina la Karoti alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Mimi niliandika programu tu, Karoti ni yule dada wa muziki! Alikuwa anatafuna karoti mbichi mezani kutwa nzima, kru, kru, kru, mpaka tukamhamisha. Mjukuu wangu ananitangaza shuleni kwa nyimbo nisizozitunga. Nilikuwa sijui nimlalamikie nani."

Dada huyo ni Bi Noriko. Yu hai, na Kenji amempata. Ndiye nitakayezungumza naye leo, Kenji akitutafsiria. Amekubali simu moja tu, na hajasema kama anataka kutajwa. Na kanuni ni yako mwenyewe, uliiandika juu ya tovuti: aliye hai hatajwi bila ruhusa yake.

Sasa sikiliza kwa nini mama yako hajavua koti. Ile kampuni ndogo ya hapa London iliyotaka kuutoa muziki ule kwenye santuri imemaliza kazi. Rasimu ya jalada walitutumia. Imeandikwa kwamba muziki ni wa Ogata, na chini yake, "Aliyemtambua ni Hamisi, wa London." Mama yako ameihifadhi kwenye simu. Amewaonesha wanawake wote waliokuja kwenye khitma yako, hata daktari wake wa macho. Majalada yanakwenda kwa mchapaji leo mchana. Oliver, kijana anayeisimamia, ameniambia bila kuzunguka kwamba nikimpa jina jipya lenye ruhusa kabla ya saa nane, atabadilisha. Nisipompa, la Ogata linabaki, kwa sababu maneno ya mzee kwenye simu si ushahidi kwake. Na jina la Ogata likitoka, sentensi yako nayo inatoka.

Jana mama yako alisimama hapa mlangoni. "Kaka, wewe ndiye uliyemfundisha kuhesabu. Leo unamhesabia makosa, naye yuko kaburini?"

Nikamwambia si makosa, ni kosa moja. Ndivyo nilivyo, nasahihisha hata pale ninapotakiwa kunyamaza.

"Karoti, Karoti! Nani anamla huyo Karoti? Huyo mama amekaa maisha yake yote bila kutajwa, hajafa. Mwanangu amekufa. Jina ndilo lililobaki."

Leo, nikiandika, namsikia jikoni anasogeza vikombe ambavyo havihitaji kusogezwa.

Bi Noriko akikataa kutajwa, Ogata atabaki kwenye jalada, wewe utabaki, mama yako atakula kisheti kwa amani, na mimi nitakuwa najua. Nimejikuta asubuhi hii naomba akatae. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mtu mwingine.

Simu inalia.

*

Imekwisha.

Bi Noriko alitokea kwenye skrini akiwa na nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na nyuma yake rafu ya vyungu vya maua. Kwao ilikuwa jioni. Mama yako hakutaka kuonekana, akajibanza mlangoni. Kenji akamweleza jambo kwa upole, kirefu.

Bi Noriko akauliza swali moja. "Ogata ndiye aliyesema?"

Kenji akajibu ndiyo. Bi Noriko hakufurahi hata kidogo. Alisema, akapandisha sauti, kwamba wimbo ule haukuwa mfupi vile. Ulikuwa na sehemu ya tatu. Ogata aliikata kwa sababu nafasi kwenye kaseti iliisha, na hakumwomba radhi, na hajamsamehe mpaka leo. Basi akaanza kuuimba ule uliokatwa, mdomo umefungwa, kidole kinagonga meza. Hamisi, besi ilinyamaza palepale inaponyamaza kila mara. Kisha wimbo ukaenda kule ambako mimi na wewe hatujawahi kufika.

Mama yako akatoka mlangoni.

Bi Noriko akasita, akauliza huyo ni nani. Kenji akamwambia ni mama wa kijana aliyekuwa akimtafuta, na kwamba kijana amefariki. Nilidhani atasema pole. Akauliza, "Alikuwa akinitafuta mimi, au Ogata?"

Kenji alitafsiri kisha akainamisha macho. Dada yangu akanitazama. Ningeweza kusema lolote pale, hakuna ambaye angenipinga. Nikasema, "Alikuwa akimtafuta aliyeutunga wimbo. Akabisha hodi nyumba siyo."

Kabla Kenji hajamaliza kutafsiri mama yako akadakia. "Mwambie alikuwa akiusikiliza akiumwa. Mwambie alikuwa akiumwa sana, na mimi niko kando yake sina cha kumpa, na huo wimbo ndio uliokuwa unamtuliza. Mwambie na hilo."

Kenji akamwambia na hilo. Bi Noriko aliinamisha kichwa mpaka tukaona utosi wake tu. Aliponyanyuka alisema atajwe, lakini kwa jina la ujana wake, la kabla hajaolewa. La sasa, alisema, halijatunga kitu.

Simu ikakatika. Nilikuwa na jina, na ruhusa, na Kenji ni shahidi. Sikugusa kompyuta. Nilimngoja dada yangu, naye alikuwa anatazama skrini iliyokwisha kuzima.

"Mpe jina lake," akasema. "Ila leo usiniambie umefanya vyema."

Nikatuma. Oliver akapiga mara moja, na sina budi kumsifu, alibadilisha bila kubishana. Akasema sentensi yako haiwezi kubaki jinsi ilivyo, ila anaweza kuandika "Kwa kumbukumbu ya Hamisi." Nikamgeukia mama yako. Akatikisa kichwa. "Mwanangu hakufanya kazi ile ili ahurumiwe."

Kwa hiyo jina lako halimo kwenye jalada. Nimeona ulisikie kutoka kwangu.

Kwenye tovuti yako nimeyaacha maneno yako yote kama ulivyoyaandika, na ushahidi wako wote. Chini yake nimeeleza ulipopita njia siyo na kwa nini mtu yeyote mwenye akili angepita hapo hapo, kisha nikaweka jina la ujana la Bi Noriko. Nimetia sahihi yangu, ili atakayetaka kugomba agombe na mimi.

Linanikereketa jambo jingine, na sitalizunguka. Majina mengine uliyoyatoa yamesimama juu ya ushahidi wa aina ileile, mwandiko wa programu. Baadhi ya wazee hao wanapongezwa kwa kazi zisizo zao, na wengine wako mahali fulani wanamwagilia maua. Nakuahidi nitayafungua yote upya, moja baada ya jingine, kwa kanuni yako, na kila aliye hai nitamuuliza yeye mwenyewe kabla ya kumtaja. Yatakayosimama nitayatetea kwa nguvu zangu zote. Yatakayoanguka nitayaangusha mwenyewe, kwa heshima, na sitamwachia mgeni kazi hiyo. Macho yangu yakinishinda, Kenji ameshakubali kupokea.

Mwenyezi Mungu akupumzishe mahali ambapo mwili haukuumi, mwanangu. Umenisomesha vizuri. Kama ungekuwa hapa ungenibishia kwa Kiingereza, ungepekua, kisha ungekasirika siku nzima kwa sababu si wewe uliyeligundua kosa.

Mama yako bado yuko hapa. Hatujasemezana tangu Oliver alipokata simu. Naenda kumpelekea chai, na asiponijibu nitakaa naye hivyo hivyo.

Mjomba wako