Barua Yako Imekuja Kimya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, ukipewa barua unaisoma umesimama na mwiko mkononi, na hii ni ndefu. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado ipo, au kaka amejipaka yote akisingizia mpira? Sisi huku ni wazima. Baba mtoto bado anachomelea mageti ya watu huku geti letu sisi linafungwa kwa kamba. Mimi bado niko kwa yule fundi cherehani tunayemwita Pima-Tena, na mjukuu wako ameota meno mengine, anauma kila kinachopita karibu yake, mimi nikiwemo.

Barua yako niliipata. Umesema kitanda cha mtoto umekwisha kukitandika pembeni ya chako, na mwisho wa mwezi baba yake amlete. Ukasema nijibu neno moja tu, ndiyo, ili moyo wako utulie. Mama, nimeishika kalamu mara nyingi na neno hilo moja limegoma kutoka. Kwa hiyo nivumilie nikupe mengi.

Habari za daktari unazijua nusu. Nilikuandikia kwamba atamtazama mtoto tena. Amemtazama. Amesema mtoto anajua mwanga na giza, anajua dirisha liko upande gani, basi. Miwani haitasaidia, upasuaji hautasaidia, na si kosa la mtu yeyote. Alinieleza kwa upole mpaka nikamwonea huruma yeye. Nilitoka pale nimembeba mgongoni, nikapita mtaa mzima nikiona vitu nilivyokuwa sivitazami: nguo zinavyocheza kwenye kamba, paka aliyelala juu ya ukuta, mvuke wa chai mlangoni kwa watu. Kila kimoja nikajiuliza, hiki nitamwambiaje? Shule yangu unaijua ilipoishia. Nikajiona sina maneno ya kutosha kumlea mtoto asiyeona. Ndiyo maana uliposema utamchukua wewe, mwenye subira na nafasi, moyoni nilikubali mbio mbio kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha nikaona haya kwa jinsi nilivyokubali haraka.

Sasa nikusimulie jambo lingine, utaona mwenyewe linakoelekea.

Posta ya hapa ina karani mmoja mwanamke, mcheshi, anayegonga muhuri kama anaua mende. Aliona watu hawaandikiani tena, wanapigiana simu tu, akasema hakusomea kazi ya kukaa dirishani kusubiri bili. Akaanzisha mchezo. Ukitaka, unaandika anwani yako kwenye kikaratasi, anakitia ndani ya kopo. Mwenzake wa posta ya mji mwingine naye anafanya hivyo hivyo, halafu wanabadilishana makopo. Anwani utakayoichomoa ndiyo ya rafiki yako wa barua, naye anapelekewa yako. Sheria ni moja: barua lazima ipambwe, na pambo halinunuliwi. Unapamba kwa kile kinachodondoka kwenye meza ya kazi yako. Fundi viatu apambe kwa vipande vya ngozi, seremala apambe kwa maranda, na yeye karani anasema atapamba kwa uchovu.

Nilijiandikisha kwa utani. Nikachomoa anwani ya mwanamke anayefanya kazi kwenye karakana ya kufuma masweta. Kabla sijamwandikia, barua yake ikawa imeshafika.

Mama, sijui nianzie wapi. Bahasha ilikuwa nene kama mkate. Karani hakunipa, aliita kwanza watu wote waliokuwa kwenye foleni waje waone, na mzee mmoja akavua kofia. Juu ya bahasha zilipita nyuzi za sufu, mstari kwa mstari, nyekundu, kisha ya machungwa, kisha ya njano, jinsi jua linavyobadilika likichomoza, na kila rangi mahali pake. Ndani kulikuwa na mfuko mdogo wa kufuma, na ndani ya mfuko kulikuwa na sweta. Sweta kweli, lina mikono, lina kola, na lote halifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilikaa pale kwenye benchi ya posta nikasahau kwamba nimetumwa bitana. Sikujua mtu usiyemjua anaweza kukufanyia kitu kama hicho, bila kutaka chochote, ila na wewe umfanyie.

Baba mtoto alipoliona akalijaribisha kwenye kidole, akalalamika kwamba rafiki yangu kamtumia sweta na halimwingii hata kidole cha mwisho, amwambie mpimaji wake aache ulevi. Pima-Tena yeye aliligeuza nje ndani, akatafuta kosa kwenye mishono kwa miwani yake miwili, ya kusomea juu ya ya kutembelea. Hakuliona. Akalirudisha kimya kimya, na Pima-Tena kurudisha kitu bila neno ni kama wengine wanavyopiga makofi.

Nikamjibu kwa nguvu zangu zote. Maneno yangu yalikuwa machache, mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita. Lakini nilimshonea barua ya kitambaa. Nikapanga vifungo vilivyovunjika kama njia inayopanda mlima, nikaweka kipande cha mahameri kiwe majani, na juu kabisa nikashona zipu iliyotolewa kwenye suruali ya mteja. Ili usome salamu zangu ilibidi uifungue zipu. Majibu yake yalikuja marefu, kwa mwandiko safi. Alisema ameifungua na kuifunga zipu ile mpaka wenzake kazini wakatishia kumfukuza. Alisema njia yangu ya vifungo ameipanda na kuishuka, na kwamba kifungo cha nne kina ufa, je, ndipo nilipojikwaa? Nilicheka peke yangu barabarani. Hakuna aliyewahi kukitazama kitu nilichokitengeneza kwa namna ile.

Tukaenda hivyo, yeye na mimi. Kila barua yake ilinikuta na mshangao mpya. Kuna iliyokuwa na ngazi ya uzi inayokunjuka ukivuta. Kuna iliyokuja imekunjwa kama kiota, na katikati kuna yai la sufu lenye joto, naapa lilikuwa na joto, ingawa karani anasema ni kwa sababu aliliweka karibu na birika lake.

Kisha nikaharibu. Siku zile za daktari, baba mtoto aliniona nimenyong'onyea, akaniletea zawadi ya kisanduku cha rangi za maji na brashi ili nichangamke. Nikajisemea sasa nimtumie rafiki yangu kitu cha maana, niachane na vitambaa. Nikamchorea bustani karatasi nzima, maua ya kila aina, nikaikausha dirishani na kuituma nikiwa na fahari kama bwana harusi. Sheria ya karani nilijua naivunja, lakini nilisema uzuri wenyewe utanitetea.

Majibu yakaja mafupi. Ndani hamkuwa na pambo lolote, ila maneno haya: "Mwenzangu, barua yako imekuja kimya. Kuna nini? Nimekukosea?"

Iliniuma, mama. Bustani nzima ile, eti kimya! Baba mtoto alisema ni wivu, watu wa masweta wana roho ndogo kama masweta yao. Pima-Tena akasema nimevunja sheria na nimelipwa, nipime tena. Karani alinitazama tu kwa namna ambayo sikuielewa. Nikaapa sitaandika tena.

Lakini wiki iliyopita Pima-Tena akanituma mji ule ule wa rafiki yangu kuchukua majora ya bitana, na mtoto ilibidi niende naye. Kazi ilipokwisha miguu yangu ikanipeleka yenyewe kwenye ile karakana. Nilikuwa nimepanga maneno makali kidogo. Ni ukumbi mrefu, mashine za kufumia zimepangwa pande zote mbili na zote zinaongea kwa pamoja. Nikamuuliza msichana mmoja aliyekuwa anakunja masweta. Alikuwa mpwa wake. Akanitazama, akatazama mfuko wangu wa ushonaji, akaruka, akasema, "Wewe ndiye Zipu!" Kumbe jina langu pale ndilo hilo.

Akanipeleka kwenye kiti cha mwisho. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi, anafuma kwa sindano mbili, uso ameuelekeza juu kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua. Mpwa wake akamwambia nani amefika. Akaweka sufu chini, akanyoosha mikono yote miwili mbele, pembeni kidogo na pale nilipokuwa nimesimama.

Mama, rafiki yangu haoni. Haoni hata mwanga, tangu kuzaliwa.

Yale maneno yangu makali sijui yalikimbilia wapi. Nilisogea nikaingia kwenye mikono yake, na mtoto mgongoni. Jua lile la bahasha, rangi kwa rangi mahali pake, yeye ndiye aliyelipanga. Nikamuuliza anajuaje, nikamuuliza kama mtoto mdogo, bila adabu. Akacheka, akanionyesha makopo yake: nyekundu ina kifuniko cha bati, njano ina kifuniko cha mbao, bluu haina kifuniko, kila rangi na mlango wake. Jinsi rangi zinavyofuatana asubuhi, amemuuliza kila mtu anayemfahamu, akachukua yale waliyokubaliana. Mwandiko safi ni wa mpwa wake, maneno ni yake.

Barua zangu zimebanwa ukutani pembeni ya kiti chake, anaweza kuzifikia bila kunyanyuka. Ile bustani haikuwepo. Alikuwa ameitia mfukoni mwa nguo, imekunjika pembe zote. Alisema aliipapasa yote, mbele na nyuma, akakuta karatasi tupu. Akaomba kila mtu amwambie kuna nini. Mmoja akasema maua. Mwingine akasema ni soko limepata ajali. Mpwa wake, ambaye ni mkweli mno, akasema ni kabichi. Akabaki anajiuliza kwa nini mwenzake amkasirikie ghafla na kumtumia kabichi. Tulicheka mpaka mashine za jirani zikasimama. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema kwenye barua ndipo mahali pekee ambapo watu walianza na mikono yake kabla ya macho yake, na hakutaka kupaharibu. Karani wa kwetu alijua, aliambiwa na mwenzake wa kule, na alikatazwa kusema.

Hapo mtoto alikuwa ameshuka. Niligeuka nikamkuta amesimama ameshika ukuta, ameikuta barua ya zipu. Anafungua, anafunga. Akafika kwenye vifungo, akavipanda kimoja kimoja kwa kidole, na alipofika kwenye kile chenye ufa akasimama, akarudi, akakigusa tena. Mama, nimemzaa mimi, namwogesha kila siku, na sikuwahi kumwona akitazama kitu. Siku hiyo nilimwona anatazama. Ile njia niliishona nikidhani nampambia mtu wa mbali.

Nikamweleza rafiki yangu kila kitu: daktari, na kitanda ulichotandika. Hakunilaumu. Alisema yeye pia alipelekwa kulelewa na shangazi yake, mwanamke mwema ajabu, ambaye alimlisha, alimvalisha, alimshika mkono hata kuvuka sebule. Akaniambia hivi: "Alinipenda mpaka mikono yangu ikalala." Amejifunza kufunga kifungo akiwa mtu mzima, hapo karakanani, kutoka kwa wenzake wasiokuwa na muda wa kumhurumia. Mama yake alikuwa anakuja kumtembelea. Aliijua sauti yake kama anavyoijua ya mgeni.

Sikuandikii hayo kukuchoma, mama. Wewe na mimi tungefanya vile vile, kwa kupenda.

Kwa hiyo neno ulilolitaka silo nitakaloleta. Mtoto simleti. Nimemwambia baba yake, tukabishana, maana begi alikwisha kulinunua na wewe anakuogopa. Akatoka nje. Baadaye nikamkuta kibarazani anasugua vipande vya chuma alivyovikata, duara, pembe tatu, nyota, anavipitisha shavuni mwake kuhakikisha havikwaruzi. Hatukubishana tena. Kazini mtoto anakaa chini ya meza ya kukatia, na kila kitambaa kinachoanguka namtajia jina: hii mahameri, hii pamba, hii hariri ya mwenye pesa, usiitemee mate. Pima-Tena amenionya kwamba simfundishi vizuri, na sasa anamfundisha yeye. Maneno niliyodhani sina, mama, ninayo. Yalikuwa chini ya meza.

Usikivunje kitanda hicho. Kilete. Au uje ukute tumekutengenezea chako hapa, ukae nasi muda wowote mgongo wako utakaokubali. Nakuhitaji. Nataka uje uwe bibi yake wa karibu, ila mikono yake uniachie iamke.

Msalimie kaka, msalimie jirani wa nyuma na yule wa mbele mnayenuniana. Baba mtoto anakusalimu kwa heshima na kwa woga.

Kilichoshonwa chini ya karatasi hii si changu. Ni barua ya mjukuu wako, ya kwanza. Nilimpa kikapu cha vipande nikamwambia achague cha bibi. Alivipapasa vyote, hariri akaitupa, mahameri akaitupa, akachagua gunia, kwa sababu lina mikwaruzo mingi ya kusoma. Nilipotaka kulishona akakataa kuliachia, tukavutana, akauma. Ikabidi nikate. Nusu uliyonayo ni yako. Nusu nyingine anayo yeye, amelala nayo mkononi.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Mama yake.