Taa Nyekundu Kando ya Jina Langu

Jumatatu, 11 Februari

Baridi ya leo inauma hadi meno. Hata Dakota ina mipaka! Nimeingia kamatini, hapa bunge la jimbo, nikiwa nimeshakasirika, kwa sababu mswada wangu wa ambulansi za vijijini umewekwa wa mwisho, nyuma ya mswada wa namba maalumu za matrekta ya zamani. Dakika arobaini za matrekta.

Verna Heinle kaja kutoka kwetu Brenner, mwendo wa saa mbili na ushei juu ya barafu, na keki mbili za kuchen mapajani. Za pichi. Ana miaka sitini na sita, alikuwa mpishi wa shule, na ndiye anayemshikia mgonjwa oksijeni nyuma ya ambulansi yetu huku Delbert, dereva, akiendesha. Kamati ikampa dakika tatu. Akawaambia kwamba watu wa kujitolea walikuwa kumi na wanne, wamebaki watano. Wawili wako Arizona mpaka theluji iyeyuke. Tammy kavunjika kifundo cha mguu. Amebaki yeye na Delbert, na sheria inataka watu wawili ndani ya gari, la sivyo haliondoki. Fedha zisipopatikana, Juni wanafunga kabisa. Hospitali iko maili hamsini na nane.

"Leo mimi niko hapa," akasema, "kwa hiyo leo Brenner haina ambulansi. Naomba tufupishe."

Wakamshukuru. Wakala keki. Kisha wakapiga kura, tisa kwa watano, kupendekeza mswada ukataliwe. Mwenyekiti alikuwa bado ana makombo kwenye tai! Akaniambia moyo wa kujitolea haununuliwi kwa fedha za serikali. Nikamjibu kwamba dizeli inanunuliwa. Nikamjibu kimoyomoyo tu, mwoga mimi.

Jumanne, 12 Februari

Kodi, kodi, kodi. Kutwa nzima.

Arlo Sandvig, mkulima wa ngano tunayekaa naye kiti kwa kiti ukumbini, ana mswada wake: kaunti isiruhusiwe kupandisha kodi ya ardhi na nyumba zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka. Watu wataushangilia. Mimi siupendi hata kidogo. Kodi hiyo ndiyo inayolipa sherifu, barabara, magari ya kuondoa theluji. Na jimbo likituangusha kwenye ambulansi, tutakimbilia wapi kama si kaunti?

Nikampigia simu Delbert anitie moyo. Kumbe Delbert mwenyewe katia saini ombi la kodi ishushwe! Anataka kodi ishuke na ambulansi ije. Nikamwuliza ije kwa mbawa? Akacheka. Eti mbunge ni mimi, nitajua.

Jumatano, 13 Februari

Hapa hata mswada uliokataliwa na kamati lazima ufike ukumbini, kwa hiyo kesho ukumbi mzima unaupigia wangu kura. Nimezunguka meza kwa meza kuomba. Nimehesabu mara tatu, napata arobaini na saba. Nahitaji arobaini na nane, nusu ya viti vyote na kimoja juu, mtu awepo asiwepo. Mbunge mwenzangu Curt Bohlen angekuwa wa arobaini na nane, lakini yuko shambani kwake, ng'ombe wanazaa. Nimempigia. Namsikia ndama analia nyuma yake. Hawezi kuja wiki hii. Nimlaumu nani, ng'ombe?

Alhamisi, 14 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kura ikafunguliwa. Nikatazama ubao: taa za kijani, za ndiyo, arobaini na saba, nyekundu arobaini na sita. Tulikuwa wengi na tunashindwa! Spika alikuwa hajafunga bado. Arlo, taa yake nyekundu ikiwaka, akaniinamia.

"Geuza yako iwe nyekundu, bibie. Haraka. Aliyeshindwa haruhusiwi kuomba kura irudiwe. Ni aliye upande ulioshinda tu, na mwisho ni kesho."

Kweli, kanuni ndivyo ilivyo. Nikabonyeza. Spika akafunga. Taa nyekundu kando ya jina langu, kwenye mswada niliouandika mwenyewe.

Kufika saa kumi na moja redio ya nyumbani ilikuwa imeshatangaza nani kapiga nini. Simu kumi na moja. Kila mmoja namweleza kanuni, na kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyojisikia kama mwongo. Nilipiga kura ya hapana ili niokoe ndiyo! Nani ataamini? Nisingeamini mimi.

Wa mwisho Verna. Ananijua tangu nina meno ya maziwa, hajapata kuniita kitu kingine ila Lorraine.

"Mheshimiwa," akasema, "hata wewe ulikula keki yangu." Akakata.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo, hapa hapasomwi na mtu.

Kisha Arlo kanifuata kantini. Atanipa kura yake kesho, hiyo ya arobaini na nane. Naye anataka yangu kwenye mswada wake wa kodi. Wake unatangulia. Bila shaka unatangulia!

Ijumaa, 15 Februari

Naandika hapa kitini ili mikono ipate kazi.

Verna yuko juu, roshani ya wageni, hajavua koti. Hakuniambia anakuja. Nimempungia, hakunipungia. Hakuna keki leo.

Mswada wa Arlo umekuja. Nimebonyeza kijani. Arobaini na nane kamili. Yaani umepita kwa kidole changu, na kaunti yangu nimeifunga mikono mimi mwenyewe. Nachukia. Nusu ya ukumbi imekuja kumshika Arlo mkono, na sasa amerudi kukaa. Nimemwuliza, haya, na wangu? Anapekuapekua karatasi.

"Tuone kwanza," anasema.

Jana hapakuwa na tuone.

Nimewasha taa ya kuomba kusema. Spika anapongeza wasichana wa mpira wa kikapu, mmoja mmoja kwa jina. Ni wengi. Nikisimama nitasema nini? Hoja ya kuomba kura irudiwe ni sentensi moja tu, naijua kwa moyo.

Verna ameshika simu, anasoma. Amesimama. Sasa ananitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi. Anainua vidole viwili. Anakunja kimoja.

Mungu wangu. Kuna mgonjwa Brenner, na Delbert yuko peke yake.

Spika ametaja jina langu. Kidole cha Arlo kiko juu ya vitufe, sioni ni kipi. Nasimama, kalamu bado mkononi. Verna anashuka ngazi mbio, saa mbili za barafu mbele yake, na ukumbi mzima umegeuka kunitazama mimi, wananisubiri niseme. Naweka kalamu, niombe kura irudiwe.