Kwa Zaina, Aliyeikataa Albamu ya Tatu

Zaina,

Ninakuandikia nikiwa Zongwe, huku kando ya ziwa, nimeketi karibu kabisa na mahali ulipolazwa. Unisamehe mwandiko. Ulizoea kunicheka kwamba naandika kama ubao wa darasa, kila herufi imesimama wima. Leo hazisimami. Tulifika jana mchana kwa boti, mimi na mama yako, na kesho asubuhi inatupasa kurudi Kalemie kwa maji yaleyale. Barabara imekatika tangu mvua zilipozidi. Naogopa, Zaina.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Saloni yako imefunguliwa tena, na mdogo wako Asha ndiye anayesuka. Amebandua picha zote za mitindo ya nywele, lakini ile ya bendi ameiacha ukutani: Mwisho wa Reli wakiwa vijana, wamesimama na magitare yao mbele ya behewa lililooza. Kila Jumapili mchana watu bado wanakuja kukaa kwenye benchi na kubishana juu ya albamu zao. Papa Kibwe, fundi wa mashine za bandarini, bado anasema albamu ya pili ndiyo ya maana sababu ya batri, zile ngoma za bendi, na bado anajipiga mapajani kutuonyesha namna batri ilivyokuwa inalia. Nilienda mara moja tu baada ya msiba. Mtu mmoja akasema, "Zaina angekuwa hapa angetufukuza wote." Wakacheka. Mimi nilitoka bila kuaga.

Unakumbuka kaseti ya kwanza? Tulikuwa bado wanafunzi wa lisee. Waliirekodi katika depo tupu ya mizigo karibu na stesheni, umeme wakiuvuta kwenye betri ya lori, na gitare la Lambert, mwimbaji wao, lilikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Tulifunga mlango wa chumba chako ili mama yako asisikie. Wewe ukanishika bega ukasema, "Vero, hii njo sauti ya muji wetu." Sikukuelewa. Nilisikia kelele tu. Ni wewe uliyenifundisha kusikiliza, wimbo kwa wimbo, mpaka nikaanza kuisikia hata treni ndani yake.

Kisha ikaja ya pili, tukaipenda wote. Kisha ya tatu, *Maji Tulivu*. Jina hilo sasa nikilitamka ulimi unakuwa mzito. Magitare waliyarudisha nyuma, wakaleta kinanda, na Lambert hakupiga kelele tena. Aliimba kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Mimi nililia. Wewe uliizima kabla wimbo wa pili haujaisha. "Wameweka sukari kwenye pilipili," ulisema. Nilikuambia kwamba aliyepiga kelele akiwa na miaka ishirini, akishazika watoto wake, hawezi kupiga kelele ileile. Ukanijibu, "Basi anyamaze."

Tuliendelea hivyo karibu miaka miwili. Nilidhani ni mchezo wetu. Sikuona ni lini mchezo huo ulianza kuniuma.

Siku ile ulikuwa unasuka mteja. Bendi ilikuwa ipige Moba, kule kusini mwa ziwa, Jumamosi, na tulikuwa tumepanga kwenda pamoja. Ukasema mbele ya watu wote kwamba Vero anapenda albamu ya tatu sababu hata yeye amekuwa baridi. Walicheka. Nikakasirika, nikakuambia, "Shida yako si masikio, ni kiburi. Enda Moba uwasikie wakipiga mbele yako, kama uko muntu wa kweli." Nikasema mimi siwezi kwenda, nina karatasi za mitihani za kusahihisha. Ulikuwa uongo. Karatasi nilikuwa nimezimaliza. Sikutaka tu kukaa na wewe ndani ya boti moja.

Uliweka kitana chini. "Nitaenda. Na nikirudi utanyamaza."

Jumatatu walipiga simu. Mlikuwa mnarudi, motere ya boti ikazimika mbele ya Zongwe, na mawimbi yakaipiga boti ubavuni. Wengine waliogelea. Wewe walikupata siku ya pili, na kwa kuwa ninyi Waislamu hamchelewi kuzika, walikuzika hapahapa siku ileile. Kaka zako walikuja. Mimi sikuja. Nilijifungia nyumbani nikasema nina malaria.

Kilioni mama yako aliwaambia watu kwamba ulikwenda Moba kutafuta mafuta ya nywele. Nilikuwa nimeketi pembeni yake. Nilinyamaza. Alikuwa amenishika mkono, na niliogopa mkono wangu usije ukasema wenyewe. Kutoka siku hiyo hofu ilihamia kwangu kabisa. Jina la Asha likitokea kwenye simu, naiacha ilie mpaka ikatike: nasema, wamejua. Dirisha la darasa langu linatazama ziwa, basi nikawa nafundisha nimelipa mgongo, mpaka wanafunzi wakaniuliza kuna nini. Niliogopa hata beseni la kuoshea vyombo. Siku moja sokoni duka moja lilipiga wimbo wa *Maji Tulivu*, nikaacha nyanya zangu mezani kwa muuzaji nikaondoka kama mwizi.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita.

Papa Kibwe alikuja shuleni wakati wa mapumziko. "Mwalimu," akasema, "Lambert amefika. Anaenda kumupa Mama Zubeda pole. Anasema alizungumza na Zaina kule Moba." Lambert angemwambia mama yako kwamba ulikuwa kwenye konseti, mama yako angeuliza ulifuata nini huko, na kila mtu wa benchi lile anajua ni nani aliyekuambia uende. Sikuomba ruhusa. Nilipanda pikipiki nikiwa bado na chaki mkononi, namwambia dereva akimbize. Nilitaka tu nifike wa kwanza.

Sikuwahi. Viatu vya mwanaume vilikuwa tayari mlangoni.

Niliingia bila hata kubisha hodi. Lambert alikuwa ameketi kwenye mkeka, kofia mkononi. Amezeeka, Zaina, ndevu nyeupe kabisa. Nikasema kwa mkupuo mmoja: "Mama, Zaina hakuenda kutafuta mafuta. Alienda sababu yangu. Miye njo nilimusukuma."

Nilikuwa nangoja anifukuze. Mama yako akasema polepole:

"Ile ya mafuta niliwaambia watu wa musikiti. Unafikiri miye sikujua? Aliniaga hapa, mulangoni. Alisema, Mama, naenda kuonyesha muntu fulani kwamba haki iko kwangu." Akapangusa uso. "Tangu nilimuzaa, hakuna muntu alishawahi kumutuma Zaina mahali. Hata miye nilishindwa."

Nilianza kulia. Akanyoosha kidole.

"Lakini miezi mitatu ulikuwa unakuja hapa, unakula pamoja na miye, unanyamaza. Hiyo njo inaniuma, Vero. Uliniacha peke yangu na uongo wangu."

Nilivua viatu nikaketi kwenye mkeka.

Ndipo Lambert akatusimulia. Anasema ulisimama mbele mpaka mwisho, mikono umefunga kifuani, hukucheza hata wimbo mmoja. Walipomaliza ukawafuata nyuma ya jukwaa ukawafokea. Kinanda kile wakipeleke kanisani, ulisema. Ukamwuliza yeye sababu gani anaogopa kupiga kelele. Akakujibu kwamba amezeeka. Nawe ukamwambia, "Basi zeeka na kelele."

Mama yako alicheka. Alifunika mdomo kwa kitenge akacheka mpaka machozi, nami nikacheka, halafu wote wawili tukashindwa kujua tunafanya lipi. Kumbe hukubadilika! Muda wote huo nilikuwa naogopa kwamba labda kule Moba uliupenda muziki wangu, ukaabiri kurudi kuniambia, na neno hilo limezama na wewe. Halikuwepo. Ulikuwa unarudi kunigombeza. Hilo naweza kulibeba.

Lambert alipoondoka, mama yako akasema, "Kaburi sijaliona. Wewe njo utanipeleka." Nilitaka kukataa. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Jana botini wakatuvalisha majile, yale makoti ya kuelea ya rangi ya machungwa, lakini kamba ya langu ilikuwa imekatika, nikaishika kwa mkono njia nzima. Mama yako alisoma dua zake. Mimi nilisali zangu, nikazichanganya. Tulipokaribia huku, nahodha alipunguza mwendo akanyoosha mkono kuonyesha mahali penyewe, hakusema kitu. Maji ni maji tu pale, hayana alama yoyote. Nilitapika. Mama yako alinishika paji la uso kama mtoto.

Leo ameshinda hapa, amesafisha majani, amepanga mawe pembeni. Sasa ananiita nikale ugali na samaki. Nahodha amesema tuondoke mapema kabla upepo haujaamka.

Nakuachia ahadi yangu. Jumapili nitarudi kwenye benchi. Nitayasema maneno yako yote juu ya albamu ya tatu, kwa ukali wako, bila kuyapunguza, ndipo nitoe yangu. Na kila mwaka nitamleta mama yako hapa, maadamu anataka kuja.

Kwaheri, ndugu yangu. Bado naona umekosea kuhusu kile kinanda. Kesho nitapanda boti na hofu yangu yote.

Ni mimi,
Vero