Mkeka wa Nyuma

12 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na paka ameacha kukuibia maziwa? Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kuimba na watoto.

Darasani nina binti wa miaka minne. Wazazi wake ni wageni, wamehamia mtaani kwetu juzi tu, na yeye lugha yetu haijui hata neno. Wenzake wakambandika jina, Bubu. Basi nilimshika mama yake, fundi cherehani, pale mlangoni, nikamwomba anifundishe kwa lugha yao: njoo, maji, choo, inauma. Ungemwona binti kesho yake! Niliposema "choo" kwa lafudhi yangu mbovu alicheka mpaka akakaa chini. Sasa anawafundisha wenzake wimbo wa kwao wa kunawa mikono. Hakuna anayemwita Bubu tena.

Mwanao

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, na paka mwizi yuleyule.

Mwalimu mkuu amenipigia. Unajua nimesoma naye, na kazi hiyo nilikuombea mimi. Wazazi wamekuja juu, watoto wao wanarudi nyumbani wakiimba kigeni. Mwanangu, wewe bado uko kwenye majaribio. Nimefundisha chekechea hadi nikastaafu. Mtoto mdogo lugha huidaka mwenyewe. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Achana na maneno yao.

Mama yako

20 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeubusu huo mkono.

Jana yule binti alikuja akanivuta sketi, akasema "choo" kwa lugha ya kwao. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Nililisikia neno, mama, na nalijua. Nikamwambia, "Sema vizuri." Akarudia kwa lugha ya kwao. Nikarudia na mimi, "Sema vizuri." Mkojo ukamtiririka hadi kwenye soksi. Darasa zima likacheka: "Bubu kakojoa! Bubu kakojoa!" Mkuu akaamuru awe anakaa mkeka wa nyuma, peke yake, "mpaka azoee."

Nifanyeje?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Samahani kuchelewa kujibu, mgongo ulinilaza.

Usijitie simanzi, watoto husahau upesi. Tena nina habari njema: mkuu anakusifu, umethibitishwa kazini! Nasikia yule binti wazazi wake wamemtoa shule. Basi, mzigo umejitua wenyewe. Likizo uje upumzike, kitanda chako nimeshakitandika.

Mama yako

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa mgongo.

Jumamosi nilikwenda kwa yule fundi cherehani. Binti yake alikuwa chini ya meza, anachezea vipande vya vitambaa. Nikachuchumaa, nikamwambia "njoo" kwa lugha yao. Akainua uso. Aliponitambua alisimama wima, akashika gauni lake kwa mikono miwili, akanijibu kwa lugha yetu, safi kabisa:

"Sijakojoa, mwalimu."

Mama yake alizima cherehani, akaniomba niende.

Likizo sitakuja. Kitanda kitandue.

Mwanao