Waya Nyembamba Uliyoikata

Baba Cherono,

Dada yako alipita hapa Boito juzi akanipa maneno vile ulivyomtuma: "Mwambie nimesikia mashine imeanza kuleta kazi. Nitarudi kumsaidia. Mashine kama hiyo inataka mwanamume." Nilicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Dada yako naye alicheka, akajifanya anakohoa. Nakujibu hapa wazi, watu wasome, kwa sababu uliponisema vibaya hukunisemea chumbani.

Unakumbuka siku tulileta ile mashine ya kuchomelea? Ilikuwa ya kiwanda, kubwa kama ng'ombe amelala. Ulitembea mbele na kebo zake shingoni kama shada la sinendet wanalovishwa washindi. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma mkokoteni na mimba ya miezi saba. Nilikuwa na raha, nakiri. Nilidhani nimeolewa na fundi.

Kebo ukazitundika msumarini, umezikunja mviringo juu ya mviringo kama kamba ya ng'ombe, na kazi ikifanyika hivyo hivyo. Nikauliza, si zinyooshwe? "Wewe, kwani hizo ni nguo? Pika chai." Nikapika. Na kulikuwa na waya ya tatu, nyembamba, ina klipu mwishoni. Ukajiuliza ni ya nini, ukajijibu mwenyewe: "Hii ni ya urembo tu." Ukaikata kwa koleo, ukaitandaza juu ya mabati ishike mawimbi ya redio, upate mpira vizuri. Fundi mzima.

Ndipo wakulima wakaleta trela yao ya kubeba majani chai, shingo yake ya kushikana na trakta imepasuka. Mpira ulikuwa umeanza, ukaniambia nimalizie. Nilishika vile ulivyonifundisha, lakini moto ulikuwa unapanda na kushuka, mara unatoboa chuma, mara unatematema bila kushika. Nilikuita. "Ongeza tu," ukasema, na hata hukugeuka. Kesho yake shingo ikakatika kwa kilima, trela ikarudi nyuma ikalala ndani ya chai ya watu. Ni Mungu tu hakuna mtu aliyekuwa nyuma. Na wewe, mbele ya wakulima wote: "Huyu ndiye alichomelea. Mimi sikuwepo." Nikiwa na mtoto wa wiki sita kifuani. Wiki hiyo hiyo ukahamia Chebunyo, ukaniachia mashine kwa sababu haikuingia kwa begi.

Sikulia sana. Nilichukua shuka kuukuu ya mtoto nikaanza kuipangusa. Niliachia darasa la nane, lakini picha haitaki shule. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mchoro: kebo nene inaenda mkononi kwa mchomeleaji, nyingine nene inaenda kwa chuma, na waya nyembamba inaenda peke yake kwa chuma hicho hicho, karibu na pale moto unawaka. Nikamwita mzee mmoja, fundi wa stima wa kiwanda. Akaangalia kipande kilichobaki.

"Nani alikata hii?"

"Baba ya mtoto."

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana. Alikuwa anatafuta mpira."

Mzee akanieleza pole pole. Hiyo waya haichomi, inapima. Moto ukisafiri kwa kebo ndefu unapungua njiani, na waya ndiyo inaambia mashine umefika kiasi gani, ili ijue kuongeza au kupunguza. Bila hiyo mashine inabahatisha. Hata ile mikunjo yako ya kebo ilikuwa inavuruga. "Kebo hunyooshwa, mama," akasema. "Ng'ombe ndiye hufungwa."

Nikapanda mabati mwenyewe nikashusha waya yako. Mzee akaiunganisha, mimi nikaibana kwa chuma. Moto ukatulia, sauti moja tu, kama mvua yetu juu ya mabati, haipandi haishuki.

Nikaenda kwa wakulima nikaomba niirudie ile shingo. Mwenyekiti wao akasema, "Ikikatika tena, mama, hapa hutashika chuma maisha yako." Nikakubali, nikaichomelea upya. Wakajaza majani mpaka juu, trakta ikapanda kilima kile kile. Nilisimama chini na Cherono, nikahesabu pumzi zake. Walipofika juu mwenyekiti akashuka, akapapasa shingo, akarudi kwa miguu mpaka kwangu. "Kongoi, Mama Cherono," akanishukuru. "Kumbe haikuwa mkono wako." Sikumwambia ulikuwa wa nani. Hilo walilisema wenyewe, na kazi ndipo ikaanza kuja.

Kwa hivyo msaada wako, kaa nao. Cherono sasa anasimama akishika meza ya kazi. Ana macho yako, na nashukuru ni macho tu. Nitamfundisha aangalie mchoro kabla ya kushika koleo, na najua atanipita mbali. Ukitaka kumwona, njoo mchana kama wageni wengine. Chai nitapika, safari hii kwa kupenda kwangu.

Redio yako iko dirishani. Tangu nishushe waya inakoroma tu. Ibebe ukienda. Hiyo inaingia kwa begi.

Mimi, Mama Cherono,
fundi wa kuchomelea, Boito.