Nimemaliza Mbio Nikiwa Chali

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum kutoka huku Poland, ambako hata pumzi inataka kuganda kabla haijatoka mdomoni. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Wewe je? Goti limepoa, au bado unabeba mitungi ya maziwa ya ngamia hadi sokoni kana kwamba Isiolo haina bodaboda? Na Baba, bado anabishana na redio?

Kwanza nikutulize kuhusu ile picha niliyokutumia. Siumwi, Mama. Nywele hazikuanguka, nilinyoa. Waogeleaji hunyoa kichwa, hata miguu, ili maji yasipate cha kushika. Na ile kaptula fupi ndiyo sare yetu. Tafadhali usimwonyeshe imamu. Pia waambie majirani wa Kiwanjani waache kusema Guyo alipelekwa Ulaya kuoga. Ni kuogelea. Kuoga nilikuja nikijua.

Sasa habari yenyewe. Wiki jana tulikuwa na mashindano ya kuchagua timu ya chuo. Kocha wetu, mzee mwenye sauti ya lori linalopanda mlima, alisema wazi: watatu wa kwanza wanabaki na ufadhili, wengine wafunge masanduku. Sikukuambia kwa simu kwa sababu ungeacha kula.

Nilipojitupa majini, miwani iliteleza ikanikaa mdomoni kama lijamu ya punda. Nikaogelea sioni, nauma mpira. Hata hivyo nilikuwa wa pili mpaka tulipogeuka mara ya mwisho. Hapo bega la kulia likakaza likawa jiwe. Mkono ukakataa kabisa. Maji yakaingia puani, nikajua basi, narudi nyumbani.

Ndipo nikakusikia, Mama. Wallahi. Unakumbuka Ewaso Nyiro ilipofurika kule Merti, maji yakatubeba mimi na wewe na mbuzi wa Mjomba uliyekataa kumwachilia? Ulinipigia kelele: "Guyo! Usipigane na maji! Lala chali, angalia juu, piga mateke!"

Nikageuka chali mbele ya wazungu wote. Nikapiga mateke, nikavuta kwa mkono mmoja. Watu wakacheka. Mwokoaji akadhani nazama, akavua viatu. Akinigusa tu, nimetolewa mbioni! Nikamfokea, "Usiniguse!" kwa Kiborana. Hakuelewa neno, lakini alisita. Nikagonga ukuta kwa kichwa. Wa tatu!

Kocha msaidizi anayemfundisha yule aliyekuwa wa nne akaja mbio, uso mwekundu. "Hii ni fristaili! Huyu amelala kama yuko kitandani!"

Mwamuzi, mama mmoja mpole, akamjibu, "Fristaili ni mtindo huru. Kila mtu anachagua wake. Yeye amechagua huo."

Walibishana weee, mimi natetemeka pembeni kama mwana-kondoo. Mwishowe jina langu likasomwa. Nililia, Mama. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba ukilia hakuna anayejua.

Kocha wangu akanifunika taulo. "Nani alikufundisha huo upuzi?"

"Mama yangu."

"Anafundisha klabu gani?"

"Hana klabu. Ana ngamia."

Akasema nikupe shukrani zake, na kwamba kuanzia Jumatatu atanifundisha kuogelea upya, tangu mwanzo. Bega linapona. Mazoezi ni alfajiri, maji ni ya baridi, na bado nina furaha ambayo siwezi kukueleza vizuri.

Nisalimie Baba, na Mjomba wa Merti, na dada yangu mwalimu ambaye hajibu ujumbe. Nisalimie shangazi muuza miraa, umwambie huku wanatafuna karoti. Na Akko, nyanya yetu, mwondoe wasiwasi: bwawa hili nimelikagua pembe zote, halina mamba.

Mimi mwanao, wa tatu huku, wa kwanza kwako,

Guyo